Mke Mwenza wa Mashuani

Mwanamke akikuta unywele usio wake kwenye mto wa mumewe, hafikirii majini hata kidogo. Anafikiria jirani. Anafikiria yule msichana wa duka la dawa anayecheka bila sababu. Ndivyo alivyofikiria Mwalimu asubuhi ile, amekaa kitandani mle ndani ya mashua, unywele kaushika kwa vidole viwili. Ulikuwa mrefu kupita mkono wake, mweusi, na umelowa.

Yeye nywele zake alizinyoa karibu zote siku walipohamia mashuani, maana chumvi na kitana vilimshinda. Mumewe ndiyo usiseme, kipara kilishafika utosini na kilikuwa bado kinaendelea na safari. Sasa huu wa nani?

Akaunusa. Ulinuka mafuta ya nywele yaliyokaa kabatini miaka, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na tope, lile tope jeusi linalopanda na nanga ikivutwa kutoka chini. Akautupa nje kupitia kidirisha cha duara, akanawa mikono, akavaa. Hakusema neno. Tabia ya Mwalimu ilikuwa hiyo: jambo likimuuma kweli alinyamaza kwanza, akapanga maswali yake vizuri, halafu akayauliza mfululizo mpaka mtu akakiri hata asichokifanya. Darasa zima la sita lilimjua.

Hiyo mashua, nikuambie, haikuwa ya kununua. Ilikuwa ya mjomba wa mumewe, kaka wa mama yake, mzee aliyeishi humo peke yake tangu ujana, hakuoa, hakuzaa, hakutaka mgeni alale humo hata mvua inyeshe vipi. Siku moja walinzi wa gati walimkuta amelala kitandani, amekwisha, uso unacheka. Mashua ikamwangukia mpwa wake, fundi wa friji, ambaye mjini kote watu walimwita Fundi tu, kama mkewe walivyomwita Mwalimu. Shule zikafungwa kwa likizo ndefu ya msimu wa joto, Fundi akaomba ruhusa kazini, wakafunga nyumba yao ya vyumba viwili wakahamia baharini. Mlingoti ulikuwa umeanza kuoza miguuni, basi kwanza ukang'olewa, ukatengenezwa na seremala, ukasimikwa upya.

"Tutazunguka visiwa vyote vile," Fundi alimwambia mkewe siku ya kwanza, akionyesha kwa brashi ya rangi. "Tutalala mahali ambapo huoni taa hata moja."

"Kweli?"

"Kweli tupu."

Mwalimu alikuwa amechora bahari ubaoni maisha yake yote, na mawimbi yake, na mishale ya upepo, na hajawahi kuvuka ule ukuta wa mawe unaozuia mawimbi yasiingie bandarini. Alitaka safari mpaka ikawa inamkosesha usingizi. "Nataka niogope kidogo, mume wangu," alisema. "Maisha yetu hayana hata cha kuogopa."

Maskini, angejua!

Lakini wiki zikapita na mashua imefungwa palepale gatini. Maisha yalikuwa matamu, mtu asikudanganye. Asubuhi chai juu ya sitaha, mchana kulala na madirisha wazi, jioni kuogelea, samaki wanavuliwa na wengine na wao wananunua. Ila kila Mwalimu alipouliza safari, Fundi alikuwa na mbao ya kupiga msasa. Leo hii, kesho ile. Alizipaka mbao zile mafuta kwa kiganja chake, si kwa kitambaa, taratibu, akirudia palepale, na Mwalimu amekaa pembeni na kitabu chake anaangalia kile kiganja, anajiuliza mara ya mwisho kimepita mgongoni kwake lini. Wivu ulimpanda mpaka ukamtia aibu. Mtu mzima, mwalimu, anaionea wivu mbao!

"Leo tunatoka?" akauliza asubuhi hiyo ya unywele.

"Leo hataki."

"Nani hataki?"

Fundi akasita, kikombe kimekaribia mdomo. "Mashua, bwana. Nani tena? Upepo si mzuri."

"Pete yako iko wapi?"

"Ipo."

"Kidoleni haipo."

"Niliivua nilipokuwa napiga msasa. Isikwaruze mbao."

"Isikwaruze mbao," Mwalimu akarudia polepole. "Na mimi miaka yote hii imenikwaruza, mbona hukuivua?"

Fundi akacheka kwa sauti, akambusu kichwani kwenye vile vinywele vilivyobaki, akarudi kwenye msasa wake.  Mwalimu akaosha vikombe na alipomaliza akagundua ameosha vitatu.

Mashua ya jirani ilikuwa ya mama mmoja mnene, mcheshi, aliyeishi na ndege wake, na watu wote wa gatini walimwita Mama Kasuku. Kasuku mwenyewe alikuwa na maneno machache tu, mengi ya matusi, aliyofundishwa na marehemu mume wa mama huyo. Adhuhuri hiyo Mama Kasuku alimwita Mwalimu kwa mkono, kama mtu anayeita bila kutaka kusikika.

"Shoga, samahani," akasema. "Wewe na mumeo mko salama?"

"Kwa nini?"

"Huyu ndege. Siku hizi anasema maneno sijamfundisha. Nilidhani kaokota kwako, kwa vile mnalala madirisha wazi. Ila nimesikiliza, nikasema hapana, si sauti ya Mwalimu hii."

Wakakaa. Kasuku akawatazama kwa jicho moja, akajikuna, akatoa tusi. Kisha akainamisha kichwa, na kooni mwake ikatoka sauti ya mwanamke, laini, ya mtu aliyelala ubavuni mwa mtu mwingine na hana haraka: "Njoo ulale, mume wangu. Huyo atachoka. Ataondoka mwenyewe."

Mama Kasuku akafunika tundu kwa khanga haraka. "Unaona?"

Mwalimu alihisi masikio yanawaka moto. "Naona," akasema. "Naona sana. Ana mwanamke."

"Shoga, mimi nashinda hapa. Sijaona mwanamke akipanda."

"Basi unalala sana mchana, mama yangu."

Kesho yake akatega mtego. Akachukua kikapu, akaaga anakwenda sokoni, akazunguka nyuma ya ghala la kamba na kurudi kwa Mama Kasuku, akajibanza nyuma ya turubai. Jua lilikuwa la utosi. Gati zima limelala, hakuna hata mbwa. Fundi alikuwa peke yake juu ya sitaha, mgongo wake kwenye mlingoti, miguu kainyoosha, ametulia kama bwana harusi siku ya tatu. Alikuwa anaongea. Akanyamaza, akasikiliza, akacheka, akatikisa kichwa kama mtu aliyetaniwa na mtu anayemjua vizuri. Akamimina chai vikombe viwili. Cha pili akakiweka upande wake wa kushoto, na Mwalimu, kwa macho yake mawili, akakiona kikombe kile kikiinama peke yake.

Mtu mwingine angekimbia. Mwalimu alipandwa na hasira. Aliruka kutoka mashua moja hadi nyingine na kikapu chake mkononi, akapita mbele ya mumewe bila salamu, akashuka ngazi. "Yuko wapi? Mtoe! Mtoe nimwone!" Akafungua makabati, akainua magodoro, akatupa nguo chini, akachungulia chooni. Hakukuwa na mtu. Ila sakafuni kulikuwa na nyayo mbichi, ndogo, za mwanamke, zikitoka kitandani kwake, zikipita jikoni, zikielekea pale mlingoti unapopita katikati ya chumba kushuka hadi kwenye mkuku, uti wa chini kabisa wa mashua. Zikaishia hapo. Za kurudi hazikuwepo. Na ile harufu ya mafuta ilikuwa nzito hadi ukiifungulia mdomo unaionja.

Fundi alikuwa amesimama juu ya ngazi, amejikinga jua. "Umerudi mapema," akasema. Hakuonekana mwenye hatia. Alionekana kama mtu aliyeamshwa.

"Kesho tunatoka," Mwalimu akasema. "Tunavuka ule ukuta. Ama kesho tunatoka, ama mimi narudi nyumbani, ubaki nayo hii mashua yako mpaka mzeeke pamoja."

Fundi akautazama mlingoti. Mwalimu aliona kabisa kwamba anautazama kama anaomba ruhusa.

"Haya," akasema. "Kesho."

Na kweli wakatoka. Upepo ulikuwa mwema, tanga likajaa, ukuta wa mawe ukapita upande wa kulia, na Mwalimu aliyekaa omo, mbele kabisa ya mashua, huku miguu yake inaning'inia alipiga kelele za furaha kama mtoto. Rashasha zilimlowesha, akalamba chumvi midomoni. Aligeuka kumwangalia mumewe pale nyuma kwenye usukani, na mumewe akampungia mkono, na kwa muda kidogo aliamini yameisha, kwamba kilichokuwa kinawasumbua ni kukaa mahali pamoja mno, basi.

Halafu upepo ukakatika. Haukupungua, ulikatika, na bahari ikalala, tanga likaning'inia, na kelele zote zikaondoka isipokuwa moja, kule chini chumbani, sauti ya kitana kikipita kwenye nywele ndefu zilizolowa, kikikwama, kikivutwa, kikipita tena, bila haraka yoyote. Mwalimu akasimama. Akaanza kutembea kuelekea nyuma ameshika waya za pembeni, na kadiri alivyokaribia ndivyo alivyoona kwamba Fundi hamtazami yeye, bali anatazama ubavuni mwake, kwenye ubao wa kukalia uliokuwa na alama mbichi ya mtu aliyekaa, alama iliyokuwa inapanuka, maji yakitiririka kutoka humo hadi miguuni pake, na Fundi ameinamisha sikio, anatabasamu, mkono wake mmoja uko kwenye usukani na wa pili umepinda hewani, umezunguka kiuno ambacho hakikuwepo, na Mwalimu aliyesahau kabisa kwamba anaogopa, kwa sababu ule ulikuwa mkono wake, ni yeye aliyekuwa akikaa ndani ya mkono ule tangu wachumbiane, akafungua mdomo kusema "mwachie," na hapo ndipo ule mti wa chini ya tanga, pasipo upepo wowote, ulipozunguka wenyewe kutoka upande hadi upande na kumpiga begani akaruka juu ya waya na kuingia majini.

Alipoibuka aliona mashua inakwenda. Tanga bado limelala, na mashua inakwenda. Akapiga kelele jina la utani alilompa mumewe siku za uchumba, ambalo hapajawahi kuwa na mtu mwingine wa kulijua, na Fundi hakugeuka. Kilichomwokoa ni kamba. Ile kamba ya kufungia gatini ilikuwa imeachwa inaburuzwa nyuma, akaidaka, ikamchuna viganja, akajivuta, akafika kwenye ngazi ya nyuma akapanda anatapika maji.

Fundi akamwona. Akamtazama kwa upole.

"Ulikuwa unaogelea?" akauliza. "Maji yakoje?"

Kisha macho yakamshuka begani palipokuwa panavuja damu, na kitu fulani usoni mwake kikavunjika. Akaacha usukani, akamkumbatia, akamfunika kwa taulo, analia kwikwi. "Mke wangu. Mke wangu, sijui nini kinanipata. Nakusahau. Ukishuka tu kuchukua kikombe, nikikaa kidogo, nasahau kama upo. Jana nilikuona unapanda nikajiuliza, huyu mama anamtafuta nani."

Mwalimu akamshika uso kwa viganja vyake vilivyochunika. Hakuwa na swali hata moja. Sasa alijua anachonyang'anywa, na alijua hakitachukuliwa kwa mkupuo, kitachukuliwa kidogokidogo hadi siku atakaposimama mbele ya mume wake mwenyewe na kuwa mtu baki.

Waliporudi gatini, Mama Kasuku alipoona bega lile hakuuliza mengi. "Nina binamu," akasema. "Anatoa vitu. Ila anaogopa maji, sijui kama atakubali."

Mganga alikubali. Alikuja asubuhi iliyofuata, mwanamke mwembamba mwenye miwani, amevaa jaketi la kujiokolea kuanzia geti la kuingilia, ingawa pale kuna saruji tupu. Akakataa kushikwa mkono, akakubali, akapanda mashuani kwa magoti. "Nikifa hapa," alimwambia Mama Kasuku, "nguo zangu usichukue wewe, hazikutoshi." Alipofika kwenye mlingoti akaacha utani. Akaweka sikio, akanusa, akagonga kwa kifundo cha kidole. Mlingoti ukagonga kutoka ndani.

Mwalimu akaruka nyuma.

"Baba," Mganga akamwambia Fundi, sauti chini kabisa, "chini ya mti huu umeweka nini?"

Fundi akatazama vidole vyake. "Desturi tu. Mabaharia wakisimika mlingoti wanaweka kitu cha chuma chini yake, cha bahati."

"Wanaweka sarafu. Hata mimi nisiyejua kuogelea najua. Wewe umeweka nini?"

"Tulipoung'oa kuutengeneza tulikuta pete. Pete ya mjomba, imekuwa nyeusi. Nikadhani kwetu, kwenye ukoo wetu, ndivyo inavyofanywa." Akakigusa kidole chake cha pete. "Sikuwa na pete nyingine."

 Mama Kasuku alijishika kifua.

"Mjomba wako hakuwahi kuoa," Mwalimu akasema.

"Alioa, mama," Mganga akasema. "Alioa huyu. Na alipokufa huyu akabaki mjane, akamngoja mwenye kuja na pete. Mume wako kaja, kaivua kwa mkono wake mwenyewe, kaiweka penyewe. Hakuibiwa. Ameposa."

Mwalimu aliketi. Fundi hakuthubutu kumwangalia.

"Anaachika?" akauliza Mwalimu. "Niambie tu, anaachika?"

"Anaachika kama mke yeyote. Mume anasimama mbele yake, anamtazama, anamwambia nimekuacha. Mara tatu. La kwanza anasikia, la pili analia, la tatu ndilo linalokata. Akishakatwa, tunaleta winchi, tunainua mti, tunatoa pete." Mganga akavua miwani, akaifuta kwenye jaketi, akairudisha. "Ila sikiliza vizuri, mwanangu. Wewe usiwepo. Hapa wako wake wawili na neno ni moja, na neno linamwangukia yule aliye machoni pa mume. Mwenzako anajua. Atafanya kila awezalo uje. Kaa kwa huyu mwenye ndege, tazama ukutani, ziba masikio, na hata usikie nini usinyanyuke. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Kweli?"

"Mimi mwalimu," Mwalimu akasema. "Maelekezo naelewa."

Akapelekwa kwa Mama Kasuku, akakaa kitako chini, uso ukutani, vidole masikioni. Mama Kasuku akaketi nyuma yake na kumshika mabega, lile zima na lile lililofungwa bandeji. Kati ya mashua mbili kulikuwa na nafasi ya hatua moja tu, na madirisha yalikuwa wazi kwa joto, na vidole havizuii kila kitu.

Alisikia Mganga anaimba kitu kwa sauti ya chini. Alisikia maji chini ya gati yakianza kupiga nguzo ingawa hakukuwa na mawimbi. Harufu ya mafuta na tope ikaja, ikaingia dirishani, ikamzunguka shingoni. Kisha sauti ya mumewe, wazi, nzito: "Nimekuacha."

Mashua zote mbili zikayumba. Kasuku akapiga kelele ndani ya tundu lake lililofunikwa.

"Usigeuke," Mama Kasuku akanong'ona. "Usigeuke, shoga, inakwenda vizuri."

Ikafuata kilio. Si cha kutisha, afadhali kingekuwa cha kutisha. Kilikuwa kilio cha mwanamke anayefukuzwa kwake na hana pa kwenda, na juu yake Mwalimu akasikia kilio cha pili, cha mwanamume, na akakijua. Fundi alikuwa analia. Alisema la pili kwa kulia, "nimekuacha wewe, nisamehe," kwa sauti laini iliyokatikakatika ambayo Mwalimu hakuwahi kuisikia, si siku ya ndoa yao, si siku walipozika mtoto wao wa kwanza na mkewe alikuwa anamngoja alie naye na yeye hakulia. Zote hizo hakulia. Leo analia. Anamlilia nani? Anamwomba nani msamaha? Wivu ulimpanda Mwalimu kutoka miguuni, ukapita tumboni, ukafika kichwani, na ndani ya wivu ule kulikuwa na sauti laini, karibu na sikio lake, isiyo na haraka: nenda ukaone anavyonipenda.

"Shoga!" Mama Kasuku akapiga kelele, maana mabega yalishamtoka mikononi.

Mwalimu alivuka ile hatua moja bila kuiona. Mganga alimwona anaruka, akanyanyua mikono yote miwili, miwani ikamwanguka. "Rudi! Rudi wewe!"

"Unamlilia nani?" Mwalimu akapaza sauti. "Mbona mimi hukunililia? Nitazame! Unamlilia nani?"

Na Fundi, aliyekuwa amekumbatia mlingoti kwa mikono yake yote, macho mekundu, mdomo umeshafunguka na neno liko tayari ulimini, akageuka kumtazama anayemwita.

"Nimekuacha," akasema.

Maji yakatulia. Kilio kikakatika kama redio iliyochomolewa. Kasuku akanyamaza, na gati zima likawa kimya hivi kwamba zilisikika kamba zikikauka juani. Fundi alipepesa macho mara moja, mbili. Akajipangusa mashavu kwa kiganja, akakitazama kiganja kilicholowa, akashangaa, akacheka kidogo, peke yake, kicheko cha mtu ambaye amekumbuka ana jambo la furaha mbele yake.

"Shuka," Mganga akanong'ona, anapapasa miwani chini na mkono wa pili umemvuta Mwalimu nguo. "Shuka haraka, mwanangu, kabla hajakushusha yeye. Ee, nilikwambia. Nilikwambia!"

"Bado hajasema kwangu," Mwalimu akasema, anavutwa. "Hakukusudia mimi. Wewe si ulimwona? Hakukusudia mimi."

 Walishuka hadi gatini, Mganga kwa magoti, Mwalimu kwa kuburuzwa. Juu yao tanga likapanda mlingotini. Fundi hakuwa na kamba mkononi na tanga likapanda taratibu hadi juu, likajaa, ingawa nywele za Mama Kasuku hazikutikisika. Fundi alikuja pembeni akaanza kufungua kamba za gatini, akipiga mluzi. Alikuwa na uso wa miaka ile ya kwanza, uso wa kijana aliyekuja kutengeneza friji ya shule akakaa mpaka jioni kwa kisingizio cha waya.

Mwalimu akakimbia ukingoni. Akamwita kwa lile jina lao. Akamwita tena, akanyoosha mkono, akamshika kifundo cha mkono. Ngozi ilikuwa baridi, na ilinuka mafuta.

Fundi akainua uso. Alimtazama vizuri, kwa adabu, jinsi mtu anavyomtazama mpita njia aliyekosea nyumba, na akautoa mkono wake polepole asimuumize.

"Dada, sogea kidogo," akasema. "Kamba isije ikakupiga."

Mwalimu akasogea.